Kuku wa Datu na Kalamu ya Mwalimu



Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali hii tumeifundisha mara nyingi madarasani, tumeitungia maswali na kuisahihisha kwa wino mwekundu. Lakini sidhani kama tumepata kuielekeza kwetu sisi wenyewe tunaoishika kalamu hiyo. Leo nataka tuielekeze huko, na ninaomba radhi mapema kwa yeyote atakayeona kwamba nimesema kwa ukali. Ukali wangu haumlengi mtu. Unalenga neno moja tulilolitumia vibaya, na uvivu wa fikra uliotufanya tulitumie hivyo.

Kisa chenyewe

Nilikuwa miongoni mwa walimu waliokusanyika kusahihisha mtihani wa majaribio wa shule kadhaa za sekondari hapa Uganda. Kifungu cha ufahamu kilihusu Wabatak, wenyeji wa nyanda za juu za kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia. Kilieleza jinsi mtu aitwaye datu anavyomwita mgonjwa, anavyomchinja kuku, na anavyosoma katika mwili wa kuku huyo chanzo cha maradhi. Swali la nne liliwataka watahiniwa watoe neno moja la Kiswahili lenye maana ya datu kama alivyoelezwa. Jibu lililoandikwa katika mwongozo wa kusahihishia lilikuwa: mchawi.

Msichana mmoja aliandika "mganga". Akakosa alama.

Nilimwendea aliyekuwa akituongoza nikamwambia kwamba mtoto yuko sahihi, na kwamba mwongozo ndio uliopotoka. Akacheka, akaniuliza: "Mtu anayemuua kuku ili amponye binadamu, kama si mchawi ni nani, mwalimu?" Wenzangu wakacheka pia. Mimi nikarudi kitini nikaendelea kusahihisha. Nilinyamaza, na msichana yule hakupata alama yake. Makala hii ni malipo ya deni hilo, ingawa yamechelewa.

Baadaye, katika mkutano wa walimu, niliyasimulia hayo. Nilidhani nitaungwa mkono, na kwa hakika niliungwa. Lakini niliungwa kwa namna iliyonitia hofu zaidi. Mwalimu mwenzangu mmoja, mpenzi mkubwa wa mila, alisimama akasema kwamba tiba zote za jadi, za Wabatak na zetu, ni urithi usioguswa. Na kwamba mtu akihitaji magamba ya kakakuona au ukucha wa chui kwa ajili ya dawa yake, sheria za wanyamapori ni kasumba tu ya wageni. Akashangiliwa.

Basi nilijikuta kati ya makundi mawili: moja linadharau kila kitu, jingine linatetea kila kitu. Nasema waziwazi kwamba yote mawili yamekosea, na yamekosea kwa sababu moja: hayakutaka kuwajua Wabatak.

Datu ni nani?

Wabatak si kabila moja lenye sura moja. Kuna Watoba wanaoishi kulizunguka Ziwa Toba na kisiwa cha Samosir kilichomo ndani yake; kuna Wakaro, Wasimalungun, Wapakpak, Waangkola na Wamandailing. Hesabu ya watu ya mwaka 2010 iliwakuta wapatao milioni 8.5 katika Indonesia nzima. Watoba wengi ni Wakristo tangu kazi ya mmisionari Mjerumani Ludwig Nommensen, aliyefika Sumatra mwaka 1862. Wamandailing karibu wote ni Waislamu. Na lipo kundi la Parmalim linaloshikilia dini ya mababu. Msomaji atambue tangu hapa kwamba anayesema "Wabatak wanafanya hivi" amekwisha kukosea kabla hajamaliza sentensi.

Datu, ambaye Wakaro humwita guru, alikuwa msomi. Neno hilo silitumii kwa mapambo. Datu alijua kusoma na kuandika katika hati ya Kibatak, naye aliandika elimu yake katika vitabu viitwavyo pustaha, vilivyotengenezwa kwa gome la mti lililokunjwa mkunjo juu ya mkunjo na kufungwa kati ya vibao viwili. Lugha ya vitabu hivyo haikuwa ile ya sokoni bali hata poda, yaani lugha ya mafundisho, ambayo mwanafunzi wa uganga alipaswa kujifunza kwa mwalimu wake. Jumba la Makumbusho la Uingereza lilipokea pustaha mojawapo tangu mwaka 1764. Mtaalamu wa lugha Herman Neubronner van der Tuuk, aliyeishi miongoni mwa Wabatak katika miaka ya 1850, alivitumia vitabu hivyo katika utafiti uliozaa kamusi na sarufi yake ya Kibatak. Na daktari wa misheni, Mjerumani Johannes Winkler, aliyesomea tiba ya Ulaya, alikaa mbele ya datu Ama Batuholing Lumbangaol kama mwanafunzi, kisha mwaka 1925 akachapisha kitabu kizima juu ya afya na maradhi ya Watoba. Daktari mwenye shahada hakuona aibu kumwita datu mwalimu. Sisi tunaosahihisha vifungu vya ufahamu tumeona aibu kumwita hata mganga.

Datu kamili wa namna hiyo, asomaye pustaha na kuandika pustaha, leo ni nadra mno. Lakini mafundisho yake hayakuzimika yote, na jambo kuu kati ya mafundisho hayo ni tondi.

Tondi ni roho ya uhai ya mtu. Kwa fikra za Kibatak, tondi inaweza kushtuka, kukasirika au kuvutwa, ikauacha mwili. Nayo ikitoka, mtu hudhoofika na kuugua. Kazi ya mganga ni kutambua kilichotokea na kuiomba tondi irudi na kutulia. Ndiyo maana hata leo, katika harusi au baada ya ajali, mzee wa Kitoba huweka punje za mchele juu ya kichwa cha mtu na kumtakia tondi iliyo imara. Wanaofanya hivyo wengi wao huenda kanisani Jumapili. Hawaoni mgongano, na si kazi ya mwongozo wa mtihani kuwatafutia.

Mnyama yuko wapi katika tiba hiyo?

Hapa ndipo kifungu kile cha mtihani kilipoharibu zaidi, kwa sababu kilichanganya mambo manne yasiyofanana.

La kwanza ni ramli. Jogoo huelezwa shauri lililopo, huombewa, kisha huchinjwa na kufunikwa kwa kikapu kiitwacho ampang. Kinapofunuliwa, datu hutazama amelala ubavu gani, kichwa kimeelekea wapi, mabawa na miguu vimekaaje. Pustaha zina michoro na maelezo ya kila hali na maana yake. Upo pia mtindo mwingine, manuk gantung, yaani kuku wa kutundikwa, ulioandikiwa kurasa nyingi. Kuku huyu si dawa. Ni shahidi anayeulizwa.

La pili ni kuirudisha tondi na kuitia nguvu. Hapa mnyama ni chakula cha heshima. Wasimalungun wana dayok nabinatur, kuku aliyepikwa na kukatwa kwa utaratibu, vipande vyake vikapangwa tena sinian kuanzia kichwa hadi mkia kama alivyokuwa hai. Hupewa mtu pamoja na dua, naye anayepokea hufundishwa kwamba maisha yake nayo yapangike hivyo. Waangkola na Wamandailing wana mangupa: aliyenusurika hatari au aliyeinuka kitandani huandaliwa wali, yai, kuku, samaki, na kwa wenye uwezo mbuzi au nyati wa kufugwa, huku wazee wakimsemea maneno ya kuimarisha roho. Watoba humpa samaki mzima, asiyekatwa, aliyepikwa kwa viungo. Waulizeni mama zetu hapa kwetu kama hawajui maana ya kumpelekea mgonjwa supu ya kuku, na kama supu hiyo ni chakula tu.

La tatu ni sadaka ya jamii. Zamani nyati alifungwa kwenye nguzo ya sherehe na kuchomwa mkuki mbele ya watu wote, ili kuomba baraka na kuondoa mikosi iliyoikumba nchi. Waparmalim bado hutoa sadaka ya mnyama mkubwa katika sikukuu yao ya kila mwaka huko Hutatinggi, na nyama hugawiwa watu. Nao Waparmalim hao hao hawali nguruwe, hawali mbwa, wala hawali damu. Mtu asiyewajua angedhani dini ya jadi ya Kibatak ni dini ya damu; kumbe walio waaminifu kwake kuliko wote ndio wanaoikataa damu mezani.

La nne ni vitu vitokanavyo na wanyama, pamoja na alama zao. Pembe ya nyati iliyochongwa kwa ustadi ilikuwa kichupa cha dawa cha datu. Mjusi, boraspati, huchongwa kwenye kuta za nyumba na kwenye majalada ya pustaha akiwa mlinzi na ishara ya rutuba. Kalenda ya kuchagulia siku njema, porhalaan, imepata jina lake kwa nge. Mjusi na nge hao hawafi, ni michoro. Lakini katika kundi hili hili yamo pia meno na kucha za chui milia, zilizovaliwa kama hirizi. Hapo nitarudi.

Nyongeza ni vyakula vinavyosifiwa kuwa ni dawa: nyama ya mbwa inayosemwa kuutia mwili joto, na mchuzi wa Wakaro uitwao terites, unaopikwa kwa nyasi zilizosagika tumboni mwa ng'ombe na kusifiwa kwa kulainisha tumbo. Hata humo hakuna sheria moja: katika ukoo wa Sembiring wa Karo yapo matawi ambayo mbwa ni mwiko kabisa kwao.

Jibu kwa wenye dharau

Sasa nawageukia waliocheka.

Mnasema datu ni mchawi. Nami nawauliza: Kiswahili kilikosa nini hata kikaweka maneno mawili? Mganga ni yule anayeganga. Mchawi ni yule anayedhuru kwa siri. Waganda wana omusawo na omulogo; Wanyankole wana omufumu na omurogo; Wanyarwanda wana umupfumu na umurozi. Mtoto yule aliyeandika "mganga" alikuja darasani akiwa na tofauti hiyo kichwani mwake tangu kwao, tena katika lugha ya mama yake. Sisi tukamfundisha kuisahau. Huku si kufundisha lugha. Ni kuipunguza.

Najua mtajibu kwamba pustaha zina pia sura za kumdhuru adui, na kwamba datu aliwahi kuajiriwa vitani atengeneze nguvu za kuangamiza. Ni kweli, wala sitaificha. Lakini mtu mwenye duka la dawa anajua sumu pia, na askari anayelinda mlango anajua kuua. Ufundi wenye ncha mbili haumfanyi fundi kuwa muuaji mpaka aue. Mwandikeni "mganga", kisha elezeni kwa sentensi mbili kwamba wengine kati yao walitumia elimu yao kwa shari. Kiswahili kinaweza kazi hiyo bila jasho.

Tena si suala la adabu ya maneno tu. Wabatak wenyewe wanamwogopa mchawi, tena kwa namna iliyokwisha kumwaga damu ya watu. Wanaamini pepo aitwaye begu ganjang, pepo mrefu, ambaye mtu mwovu humfuga ili awaue majirani. Mwaka 2010, katika wilaya ya Tapanuli Kaskazini, watu watatu waliotuhumiwa kumfuga pepo huyo waliuawa na kundi la wanakijiji kwa kuchomwa moto. Hapo ndipo neno "mchawi" linapofikia. Na huku kwetu Afrika Mashariki, ni vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa sababu ya neno hilo hilo, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni? Mwalimu anayelitawanya neno hilo kwa kila mwenye kuku na maombi anajaza kuni kwenye moto asiouona.

Mnasema pia kwamba ni ukatili. Hoja hii naiheshimu zaidi. Kumwacha kiumbe akitapatapa chini ya kikapu ili watu wasome mateso yake ni jambo ambalo mtu mwenye huruma hawezi kulitazama kwa raha, nami sitalipamba kwa jina la utamaduni. Lakini na tuseme ukweli wote. Kuku wa datu alikuwa mmoja, aliachwa akue uani, aliombewa kabla ya kufa, na mara nyingi aliliwa. Kuku tunaowanunua mjini wamefungiwa maelfu kwa maelfu, hawajapata kukanyaga udongo, na hakuna aliyewaomba radhi. Wengi wetu tulikula mmoja wao siku ile ile ya kusahihisha mtihani, wakati wa chakula cha mchana. Anayetaka kutetea wanyama na aanze na sahani yake. Akimaliza, atapata haki ya kuzungumzia kikapu cha Mbatak.

Na mnasema tiba hizo haziponyi. Hapa nakubaliana nanyi nusu. Msimamo wa bawa la kuku hauwezi kuonyesha kifua kikuu, wala hirizi haiwezi kuua vijidudu vya kipindupindu. Mgonjwa wa namna hiyo anayecheleweshwa nyumbani kwa ajili ya ramli anaonewa, hata kama anaonewa kwa upendo, na mwalimu hana ruhusa ya kunyamaza juu ya hilo. Lakini mtu aliyenusurika ajali akawa hali wala halali, ambaye ukoo mzima umekusanyika, ukampikia, ukamwekea mchele kichwani na kumwambia kwamba bado ni wao, mtu huyo amepewa kitu ambacho hakimo katika chupa. Si lazima tukiite sayansi ili tukubali kwamba kina faida. Wala si lazima tukiite uchawi ili tumpeleke hospitali.

Jibu kwa watetezi wa kila kitu

Nakuja kwako, mwalimu mwenzangu uliyeshangiliwa. Ulisema: mwacha asili ni mtumwa. Ni methali nzuri. Lakini asili ipi?

Mwezi wa Aprili mwaka 2015, katika bandari ya Belawan iliyo karibu na mji wa Medan, maofisa wa Indonesia walifungua shehena iliyosemekana kuwa ya samaki. Chini ya samaki walikuta takriban tani 5 za kakakuona waliogandishwa, pamoja na magamba yao. Na wengine wapatao 90 na zaidi walikutwa wakiwa hai. Shehena hiyo ilikuwa ikienda ng'ambo. Niambie, ni datu gani aliyeagiza tani 5? Ni pustaha ipi iliyoandika hivyo? Hiyo haikuwa mila ya Wabatak. Ilikuwa biashara iliyopita katika nchi ya Wabatak, ikiwaachia umaskini na msitu mtupu, kisha ikajificha nyuma ya neno "tiba ya jadi". Na magamba yenyewe yameumbwa kwa kitu kile kile kilichomo katika kucha zako. Ukitaka dawa hiyo, zitafune kucha zako, ni bure.

Mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote za kakakuona, za Asia na za Afrika. Unaiita hiyo kasumba ya wageni. Basi wewe unayeishi Uganda waulize ndugu zetu wa ukoo wa Lugave katika Buganda. Kakakuona ndiye muziro wao. Hawamli wala hawamuui, na walikuwa hivyo kabla Mzungu hajafika. Sheria ya kumlinda ilikuwa yetu kabla ya kuwa ya mkutano wowote.

Vivyo hivyo kwa chui milia wa Sumatra, ambaye hawazidi mamia machache waliobaki msituni. Watoba wa zamani hawakumtaja ovyo. Badala ya kumwita babiat, walimwita ompung, yaani babu. Mtu hamwiti babu yule anayekusudia kumnyofoa kucha na kuziuza. Sheria ya Indonesia ya mwaka 1990 inayokataza kuwaua wanyama hao na kuuza viungo vyao iko karibu zaidi na heshima hiyo kuliko muuza hirizi aliyejipachika jina la mganga.

Mila yenyewe inafundisha kubadilika

Walionicheka na walioshangilia wanakutana katika jambo moja: wote wanaamini kwamba mila ni jiwe. Wa kwanza wanataka kulitupa, wa pili wanataka kulisujudia. Nami nasema mila ya Wabatak haijapata kuwa jiwe, na ushahidi wangu ni samaki.

Samaki wa heshima wa Watoba, aliyetolewa katika shughuli za kuiimarisha tondi, hapo kale alikuwa ihan, samaki wa asili wa Ziwa Toba na mito yake. Ihan akawa haba. Je, Watoba walimsaka mpaka wa mwisho kwa kuwa mila ilimtaka? La hasha. Walimweka mahali pake ikan mas, samaki wa kufugwa aliyeletwa kutoka nje, ambaye kila mtu anaweza kumnunua sokoni. Dua ni zile zile. Samaki bado hutolewa mzima, na tondi bado inaombwa itulie. Kilichobadilika ni samaki tu, na hakuna mzee aliyesema kwamba Utoba umekufa.

Wamandailing waliposilimu walimwacha nguruwe, wakaendelea na mangupa kwa mbuzi na nyati. Waparmalim walikataa damu. Asiye na uwezo wa nyati huleta kuku, na asiye na kuku huleta yai. Hivyo ndivyo mila inavyojihifadhi: hushika maana, ikabadili chombo. Mtetezi wa kweli wa tiba za jadi ni yule anayejua kipi ni maana na kipi ni chombo. Atasema: kuku wa mangupa na aendelee, kwani yuko tele na analiwa, kikapu cha mateso na kiachwe, kama wengi walivyokwisha kukiacha, ukucha wa chui na gamba la kakakuona visiguswe, kwa sababu hakuna maana yoyote ya mababu inayohitaji kummaliza kiumbe duniani.

Wajibu wetu

Ndugu walimu, sisi wa nchi hii tunajua uchungu wa kupewa jina lisilo letu. Lugha tunayoifundisha imeitwa kwa miaka mingi lugha ya askari na ya wezi, na watu wasiotaka kujua imetoka wapi wala imeandika nini. Tumelalamika juu ya dharau hiyo katika mikutano na katika kurasa za jarida hili. Kwa uso gani basi tunakaa mezani, tukiwa na kalamu nyekundu, na kulitendea taifa la mbali lile lile tulilotendewa?

Ninapendekeza mambo matatu, nayo ni madogo.

Kwanza, tunapofasiri habari za tiba za watu wengine, tulishike lile neno lao wenyewe mara ya kwanza, kisha tuchague kwa makini katika hazina yetu. Datu ni mganga. Anachofanya kwa kuku ni ramli, au sadaka, au tambiko, kwa kadiri ya tendo lenyewe. Anachompa mgonjwa avae ni hirizi. Anachoifanyia nyumba ni zindiko. Uchawi ni neno la mwisho, la kutumiwa pale tu ambapo wenyeji wenyewe wanalitumia, tena kwa maelezo.

Pili, tusiwape wanafunzi kifungu cha ufahamu juu ya watu ambao sisi wenyewe hatujasoma habari zao hata ukurasa mmoja. Kama hatuna wakati wa kuwasoma Wabatak, basi tutunge kifungu juu ya kilimo cha ndizi.

Tatu, tuwafundishe vijana kupima. Wakiulizwa juu ya tiba yoyote ya jadi, ya Samosir au ya Masaka, wajiulize: inamponya nani, inamdhuru nani, na nani anapata fedha? Mwanafunzi mwenye maswali hayo matatu hatadanganywa na mwenye dharau wala na mwenye kushangilia.

Mganga hajigangi, walisema wazee. Walimu nasi hatujisahihishi. Husahihishwa na wanafunzi wetu, tukikubali. Msichana yule, nasikia, sasa yuko kidato cha tano na bado anasoma Kiswahili. Sikumpa alama yake siku ile. Namwandikia hapa, mbele ya chama chote: swali la nne, jibu lako lilikuwa sahihi.